Muulize Ami wa Picha: Kamera za papo hapo na vitu vya nyumbani

Toleo lililopita niliandika maneno machache kuhusu kamera za zamani za Polaroid, zile zinazotoa picha hapo hapo ulipobonyeza, na barua zilizokuja zimejaa mkoba. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mtu wa Wete, na ujana wangu umepita studio, kazi ya picha za pasipoti. Kamera niliyofundishiwa ilikuwa na macho manne. Unabonyeza mara moja, unavuta karatasi, unatazama mshale wa saa ukutani, unabandua, na mteja anatoka na sura zake nne akawahi gari ya Mkoani. Mapenzi yangu na filamu hii yameanzia hapo, na hayajapungua.

SWALI: Shikamoo Ami. Tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu baba tumekuta kamera kabatini, nyeusi, imeandikwa Polaroid na mbele ina mstari wa rangi rangi. Nimetafuta pa kutia betri, sikupaona. Nimebonyeza kila kitufe, kimya. Ndiyo imekwisha? (Binti wa Kikwajuni, Unguja)

JIBU: Marahaba mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako. Usiitupe, wala usimpe fundi wa redio aifungue. Kamera hizo hazina pa kutia betri kwa sababu betri imo ndani ya pakiti ya filamu. Ni bapa, nyembamba, ya volti 6, imelala chini ya filamu. Kila ukitia pakiti mpya, umetia na betri mpya. Kamera isiyo na pakiti, au yenye pakiti ya miaka ishirini nyuma, itakaa kimya hata kama haina ubovu wowote.

Sasa fungua mlango wake wa mbele, ule wa chini, utazame mambo mawili. La kwanza ni aina ya filamu. Mara nyingi imeandikwa kwenye bodi au kwenye kibandiko kilichomo mlangoni: 600, au SX-70. Maelezo yako yananipeleka kwenye 600, aina iliyoanza kuuzwa 1981, lakini hakikisha kabla hujatoa pesa. Filamu ya 600 ina wepesi wa ISO 640 na ile ya SX-70 ni kama ISO 160; ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga, na namba ikiwa kubwa filamu inahitaji mwanga mdogo. Ukiitia ya 600 kwenye kamera ya SX-70, picha inaungua kwa mwanga. Ukifanya kinyume chake, inazama gizani. Madukani kuna aina ya tatu inayoitwa i-Type, na bei yake ni nafuu kidogo. Hiyo usiinunue kwa kamera ya baba. Haina betri ndani, imetengenezwa kwa kamera mpya za kuchaji.

La pili ni rola, zile mbili za chuma zilizolala sambamba karibu na mlango. Hizo ndizo zinazofanya kazi tuliyokuwa tukiifanya sisi kwenye chumba cha giza. Ndani ya ule ukingo mweupe mpana wa kila picha mna kifuko cha dawa. Picha ikitoka, rola zinakibana, kinapasuka, na dawa inatandazwa sawasawa baina ya matabaka ya filamu. Rola ikiwa imegandiwa na dawa kavu ya tangu enzi za baba, kila picha itatoka na doa, na madoa hayo yatajirudia kwa mpangilio ule ule. Chukua kitambaa laini chenye maji kidogo, uzizungushe taratibu kwa kidole huku unafuta, kisha ukaushe. Basi, hapana la zaidi.

Ukitia pakiti mpya na kufunga mlango utasikia mota inaunguruma, na kile kifuniko cheusi cha juu ya filamu kitatoka chenyewe. Ukisikia hivyo, kamera ni nzima. Kisichokuwa kizima ni filamu yoyote ya zamani utakayoikuta ndani ya mkoba wake. Kampuni ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu, na zilizobaki tangu hapo dawa yake imeshakauka. Filamu zinazouzwa leo zinatoka kiwanda kile kile cha mwisho, Enschede, Uholanzi. Watu wachache waliokuwa wakiipenda kazi hii walizinunua mashine zake zisivunjwe, na mwaka 2010 wakaanza kuuza filamu mpya. Iliwabidi waitunge dawa upya, maana vitu vingi vilivyokuwa vikitumika mwanzo havikuwa vikitengenezwa tena. Ndiyo maana filamu ya leo haina tabia ya ile aliyoijua baba yako, na ndani ya pakiti mna picha 8, si 10 kama zamani.

SWALI: Yangu ni ya zamani pia lakini si Polaroid, imeandikwa Kodak, nayo inatoa picha yenyewe. Filamu yake naipata wapi? (Mzee wa Chake Chake)

JIBU: Mzee mwenzangu, haipatikani. Polaroid iliishitaki Kodak mwaka 1976 kwa kutumia uvumbuzi wake. Kodak ikashindwa, na Januari 1986 ikaacha kabisa biashara ya kamera hizo. Iweke kumbukumbu. Na wenye kamera za karatasi ya kubandua, kama ile yangu ya studio, wajue kwamba Fujifilm ilisimamisha filamu yake ya mwisho ya aina hiyo mwaka 2016. Mwenye kuziuza leo anauza akiba iliyozeeka kwa bei kubwa mno, na mimi sikushauri.

SWALI: Assalaam alaykum Ami. Kaka yangu ameniletea kamera ya 600 na pakiti mbili za filamu kutoka Muscat. Ya kwanza nimeimaliza Nungwi kwa machweo, ngalawa na bahari. Zote zimetoka hazina uhai, mstari wa maji katikati na doa jeupe la jua. Ya pili sitaki ipotee. Nipige nini? (Mwalimu wa skuli, Makunduchi)

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu wangu. Hili ndilo swali nililokuwa nikilingojea, na nitakaa nalo.

Kamera yako haina zumu, na picha yenyewe ni mraba ambao upande wake haufiki sentimita 8. Bahari nzima ya Nungwi ukiitia humo inabaki mstari, kama ulivyoona. Lakini kitu kilicho mbele yako kwa hatua mbili kinaingia kizima, na filamu hii ndipo inapopendeza: mtu aliyekaa, kiti, dirisha, chano kilichoandaliwa. Kwa hivyo rudi nyumbani. Pakiti ya pili ianze na kumalizika uani kwako na barazani kwa jirani.

Kwanza ujue mpaka wa lenzi. Kamera nyingi za 600 zinaona vizuri kuanzia kama mita 1.2 na kuendelea. Ukisogea karibu zaidi, kitu kinafifia. Baadhi zina kilenzi cha ziada unachokisukuma kikae mbele ya lenzi, na hicho kinakufikisha kwenye sentimita 60. Mimi nimefunga kijikamba cha usumba kwenye kamera, urefu wake mita 1.2, na kabla sijabonyeza nakinyoosha hadi kwenye kitu. Ukisimama umbali huo, mraba wako unachukua upana wa sentimita 80 hivi. Kitu cha upana huo ndicho chako. Upime kwa macho mpaka uuzowee, uanze kuona vitu vya sentimita 80 kila unapopita.

Ninavyovipiga mimi ni hivi. Jikoni kwetu kuna mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa ya mama mkwe wangu. Ubao wake umeng'aa pale anapokaa mtu, na meno ya chuma yamelika upande mmoja zaidi, kwa sababu mwenyewe alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Naipiga saa tatu asubuhi, jua linapoingia kwa mlango wa uani na kuangukia ubao peke yake. Napiga bao la jirani yangu wakati wachezaji wameinuka kwenda kuswali alasiri na kete zimebaki kwenye mashimo vile vile zilivyoachwa, mchezo haujakwisha. Napiga dele la kahawa na vikombe vyake juu ya sinia, kabla muuzaji hajaondoka kwake. Napiga kawa zilizotundikwa, baskeli ya mkate iliyoegemezwa, ndoo kisimani na kamba yake iliyolowa nusu. Juzi nimepiga mlango wa duka uliofungwa kwa kufuli tatu, kila kufuli la zama zake.

Kila kimoja katika hivyo nimekipita mara nyingi kabla sijakipiga. Kutazama hakulipiwi, filamu inalipiwa. Zunguka nyumba yako siku nzima mikono mitupu, uone jua linaingia wapi saa mbili na limehamia wapi saa kumi. Ukishajua kwamba kiti cha bibi kinapata mwanga wa dirisha saa nne kasorobo, hapo ndipo ukaifuate kamera.

Na ukidhani vitu hivi ni vidogo mno, sikiliza habari ya Walker Evans, Mmarekani, bingwa aliyezeekea kwenye kamera kubwa za kusimamisha. Mwaka 1973, umri unakaribia 70 na afya imepungua, akashika SX-70, ile ya kukunja iliyotoka mwaka 1972. Kabla hajafariki mwaka 1975 akawa ameshapiga kwayo picha zaidi ya 2,500. Alipiga vibao vya barabarani, herufi zilizobanduka rangi, kuta za nyumba kuukuu, nyuso za marafiki kwa karibu. Mtu aliyekuwa na dunia nzima ya kuchagua alichagua vibao! Sisi vibao tunavyo tele. Simama Darajani utazame maandishi ya brashi juu ya milango ya maduka, tazama ubavu wa gari za shamba, tazama kanga iliyoanikwa. Kanga usiipige nzima. Sogea mpaka jina lake lienee ndani ya mraba, na kambaa ya kuanikia ionekane kidogo juu. Jina la kanga mtu haandikiwi na mpiga picha, amelichagua mwenyewe dukani, na ndani yake mna habari ya nyumba ile ambayo wewe usingeipata kwa kuuliza.

Mwengine ni André Kertész, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akiishi New York. Mkewe Elizabeth alifariki mwaka 1977. Mzee yule alikuwa na SX-70, akaweka sanamu ndogo za kioo dirishani kwake, akawa anazipiga kila mwanga unapobadilika, mji ukionekana nyuma yake umejikunja ndani ya kioo. Dirisha moja, mtu mmoja. Mimi katika picha zote za papo hapo nilizowahi kuziona, hizo ndizo zilizonikaa zaidi.

Sasa filamu zako 8. Wako watakaokwambia upige vitu vinane, kimoja kimoja, upate aina kwa aina. Mimi sikubaliani nao. Chagua vitu viwili tu. Kila kimoja kipe filamu nne, kwa saa tafauti, kwa upande tafauti, kikiwa na mtu na kikiwa peke yake. Ukizipanga nne nne mezani utaona mwenyewe ni saa ngapi kitu kile kilikuwa kikisema, na pakiti ya tatu kaka akikuletea, utajua pa kuanzia. Wanafunzi wako pia wape kazi hiyo kwa kalamu na karatasi, wachore kitu kimoja asubuhi na jioni. Hawahitaji kamera kujifunza hilo.

SWALI: Ami, nimempiga mama pwani akifanya kazi ya mwani, mwezi wa pili, jua kali. Picha zote zimetoka rangi ya chai ya mkandaa. Kamera imeharibika? (Msichana wa Jambiani)

JIBU: Mwanangu, kamera haina kosa, hilo ni joto la kaskazi. Filamu hii inataka hali ya hewa baina ya nyuzijoto 13 na 28. Ikizidi hapo, rangi zinavutwa kwenye njano na nyekundu. Kwenye baridi kali za Ulaya inakuwa kinyume, picha inapauka na kuingia ubuluu. Wao wanaitia picha ndani ya koti ipate joto, sisi inatubidi tuitafutie ubaridi.

Pakiti ambayo hujaifungua ikae kwenye friji, si kwenye friza. Ikiganda, dawa inaharibika. Itoe kama saa moja kabla ya kazi na uiache na karatasi yake bila kuifungua, maana hewa yetu ina unyevu, na kitu cha baridi kikifunguliwa tu kinatoka jasho. Kamera usiiache juu ya mchanga wala mbele ya kioo cha gari. Mkobani tia chupa ya maji baridi iliyoviringwa kwa kitambaa, pembeni ya filamu.

Picha ikitoka, sekunde za mwanzo ndizo za hatari. Bado inaona mwanga, na mwanga wa pwani ni mkali. Itilie kivuli kwa kiganja papo hapo, igeuze uso chini, uitie ndani ya kitabu, kitabu ukiweke kivulini. Ya rangi inataka dakika 10 hadi 15, ya nyeusi na nyeupe 5 hadi 10. Usiitikise. Watu wameona sehemu nyingi mtu akiipepea, lakini kuipepea hakuisaidii kitu, na kunaweza kuyaachanisha matabaka ya ndani.

Lakini mwanangu, kuna njia nyepesi zaidi. Kazi ya mwani inafuata maji, huwezi kumwambia mama angoje jua lipoe. Mpige wakati wa kufunga mbegu kambani, pale wanapokaa chini ya mnazi au ukumbini. Mikono iko karibu, mwanga umetulia, kivuli kipo, na mazungumzo yao utayasikia. Kusi likiingia, hewa ikapoa, ndipo urudi naye majini, asubuhi mapema pale maji yatakaporuhusu.

SWALI: Nikipiga mlango wa nakshi kwenye ukuta wa chokaa, picha inakuwa nyeusi. Nikimpiga dada yangu aliyevaa buibui, uso unatoka mweupe hauna pua. Kwa nini vinapingana? (Kijana wa Malindi, Mji Mkongwe)

JIBU: Havipingani, ni sababu moja. Kamera ina jicho dogo la kupima mwanga, na jicho hilo linadhani dunia yote ni ya rangi ya wastani. Likiona ukuta mweupe umejaa, linasema mwanga ni mwingi, linabana, na mlango unazama. Likiona buibui limejaa, linasema ni giza, linafungua, na uso unaungua. Karibu na lenzi mna kidude cha kusogeza baina ya weupe na weusi. Kwa ukuta wa chokaa, kisogeze kwenye weupe. Kwa buibui, kisogeze kwenye weusi. Baada ya picha, kirudishe katikati, wengi wanasahau hapo.

Filamu hii haiwezi kushika jua kali na giza la mlangoni kwa pamoja, hata ufanye nini. Lakini wewe unakaa Mji Mkongwe, na vichochoro vyenu ni neema. Baada ya saa kumi jua likishapanda juu ya kuta, mwanga uliobaki chini ni ule uliogonga chokaa ukarudi, laini, hauna ncha. Mweke dada kwenye baraza ya upande wa kivuli, atazame ukuta unaong'aa mbele yake. Uso utatoka na pua yake na kila kitu.

SWALI: Hapa kijijini watu wakiona kamera ama wanakimbia ama wanajipanga kama siku ya harusi. Nataka kuwapiga wakiwa kazini. Na mtu akiniomba ile picha nimpe? Sinayo nyengine. (Kijana wa Konde, Pemba)

JIBU: Mpe.

Nakwambia hivyo kwa kujua gharama yake. Studio za zamani zilikuwa na negativu, yaani ile filamu yenye sura iliyogeuka, nyeupe ikawa nyeusi, ambayo nakala huchapishwa kutoka kwayo. Pale Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na kwa kuwa negativu ziliwekwa, picha za mji wa wakati ule zinaweza kuchapishwa mpaka leo. Filamu ya papo hapo haina negativu ya kuweka. Ni nakala moja, na ikishatoka mkononi mwako imetoka. Kwa hivyo ukishaipata, ipige kwa simu, kivulini, bila mng'ao, uwe na kumbukumbu yako. Kisha ile yenyewe mpe mwenyewe.

Ndiyo njia ya kuyapata hayo unayoyataka pia. Msimu wa karafuu uliopita nilikwenda kwa jamaa zangu huko huko upande wenu. Jioni wanawake wamekaa juu ya jamvi wanachambua, karafuu huku, makonyo kule, mikono inakwenda yenyewe na midomo iko kwenye hadithi. Sikuitoa kamera. Nilikaa, nikachambua nao, nikapewa chai. Nilipoomba, mkubwa wao akasema, "Mikono yetu piga, sura zetu hapana." Nikapiga mikono, vidole vimeiva rangi ya karafuu, rundo la kijani na wekundu mbele yake. Picha ikawekwa chini ya ungo ipate giza, na kazi yote ikasimama wanaingojea. Ilipofunguliwa nikampa yeye. Akaitazama muda, akaitia ndani ya mtandio. Kesho yake mchana, karafuu zikiwa zimeanikwa uwanjani, alinitumia mtoto kuniita, yeye mwenyewe, nimpige na sura, amekaa pembeni ya jamvi lake na wajukuu. Hakujipanga, kwa sababu alikuwa ameshajua kamera ile inataka nini.

Kama ningempiga kwa kuvizia siku ya kwanza, ningepata sura iliyoshtuka na nisingekaribishwa tena. Kwa hivyo kaa kwanza. Omba. Ukikataliwa, kubali kwa uso mkunjufu, na piga kitu badala ya mtu: jamvi, pishi ya kupimia, ngazi iliyoegemezwa mkarafuuni. Picha ya kwanza iwe yao kila mara. Na ile nakala ya simu usiirushe kokote bila ya kumwambia mwenyewe. Mwanamke aliyekubali kupigwa na wewe uani kwake hajakubali kutazamwa na dunia.

SWALI: Mwanangu anakuja kutoka London na filamu. Mashine za uwanja wa ndege zitaziharibu? (Mama wa Mkunazini)

JIBU: Bi Mkubwa, mwambie asizitie kwenye begi la kupakia chini ya ndege. Mashine zinazokagua mabegi hayo ni kali na zinaweza kuitia filamu ukungu. Abebe mkononi, azitoe mapema, na awaombe kwa upole wazikague kwa mkono. Mashine mpya za mabegi ya mkononi, zile zinazoonesha begi pande zote kwenye skrini, nazo zinadhuru filamu, kwa hiyo asiache kuomba. Kabla hajanunua atazame tarehe ya kutengenezwa kwenye kasha. Filamu hii inatakiwa itumike ndani ya miezi 12 tangu itengenezwe. Ya punguzo la bei mara nyingi imeshakaa.

SWALI: Tuna picha moja tu ya bibi yetu, ya Polaroid, imewekwa kwenye fremu sebuleni na inazidi kufifia. Tufanyeje? (Wajukuu, Mtambile)

JIBU: Itoeni sebuleni leo. Mwanga wa dirishani ndio unaoila, na picha iliyokwisha kufifia hairudishiki. Kabla ya lolote ipelekeni kwa mwenye skana nzuri, mtoe nakala mbili za kuchapisha. Nakala moja ndiyo ikae kwenye fremu, ile ya asili ilale gizani, kwenye bahasha ya karatasi ndani ya kasha kavu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wakati wa masika mlifungue kasha mara kwa mara muangalie kama limeingia ukungu.

Msiitie plastiki kwa mashine ya moto. Msiikate ule ukingo mweupe kwa mkasi ili iingie kwenye albamu ndogo, maana ukingo ndio unaoyashika matabaka pamoja. Na nyinyi mnaopiga picha mpya, ziacheni zikauke kiasi cha mwezi mmoja kabla ya kuzitia kwenye mifuko ya albamu ya plastiki. Dawa iliyomo ndani ni kali kwa ngozi. Picha ikipasuka au mtoto akiichana, osheni mikono kwa maji mengi na msimwache aitie mdomoni.

Jina la bibi, mtaa na mwaka kama mnaujua, liandikeni kwenye ule ukingo wa chini kwa kalamu ya wino yenye ncha laini. Bolpeni msitumie, inakandamiza na kuacha alama kwenye picha yenyewe.